Kivimbe cha shingo kinachouma: tafuta kilikotoka

Mtoto alikuwa na miaka saba. Mamake alimleta amemfunga leso shingoni, na chini ya leso palikuwa na kivimbe urefu wa kokwa ya tende, upande wa kulia, nyuma ya sikio kushuka chini. Siku tatu nzima alikuwa akikikanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, na kila akikikanda mtoto analia zaidi. Sikukigusa. Nilimwinamisha kichwa, nikazipangua nywele, na pale juu ya kisogo nikaona mabaka matatu ya mviringo yaliyokatika nywele. Mapunye. Moja lilikuwa limechubuka na linatoka maji.

"Mama, shingo haina kosa," nikamwambia. "Ugonjwa uko huku juu."

Nimekuwa muuguzi hapa Lamu miaka mingi, na ni mambo machache yanayowatia watu hofu kama kivimbe cha shingo. Wengine huja wakidhani ni saratani, wengine husema ni jicho la watu, wengine wamekwisha kumeza vidonge vya aina tatu kutoka duka la dawa kabla ya mtu yeyote kuwatazama mdomoni. Ninachotaka msomaji ashike ni kwamba kivimbe kinachouma, mara nyingi, ni mjumbe. Kimetumwa na jino, au koo, au sikio, au ngozi ya kichwa. Ukimshughulikia mjumbe ukamwacha aliyemtuma, atatumwa mwingine.

Shingoni mna tezi ndogondogo nyingi, zimepangika kuanzia kisogoni, nyuma ya masikio, chini ya taya, hadi juu ya mtulinga. Kazi yake ni kama ya uzio wa kuvulia samaki: maji hupita, vijidudu hunaswa. Zikinasa wengi, hupigana nao, zikavimba na kuuma. Kila tezi ina mtaa wake inaoulinda, ndiyo maana mahali kivimbe kilipo panakuambia pa kuanza kutafuta.

Lakini kabla ya kutafuta lolote, soma sehemu inayofuata.

Dalili ambazo hazingoji

Mgonjwa anapumua kwa taabu, au pumzi inatoa sauti ya kukoroma akiwa macho. Mate yanamtoka kwa kuwa hawezi kuyameza. Ulimi umeinuliwa juu na uvimbe wa chini yake. Mdomo haufunguki hata vidole viwili viingie. Sauti imegeuka, anasema kama mwenye tonge la moto mdomoni. Uvimbe unakua saa kwa saa. Ana homa, shingo imekakamaa hawezi kuinama kidevu kiguse kifua, na mwanga unamuumiza macho. Mtoto mchanga amekataa kunyonya. Yeyote kati ya hawa ni wa kupelekwa hospitali sasa hivi, usiku au mchana.

Kwa watu wa Faza, Siyu, Kizingitini na visiwa vya mbele, kuna hesabu moja zaidi, nanyi mnaijua kuliko mimi: maji yakitoka, Mkanda, ule mlango wa bahari mnaopitia kuja mjini, haupitiki kwa raha. Usiseme "tutaondoka asubuhi" kabla hujatazama maji yanajaa saa ngapi. Nimepokea mgonjwa wa jino aliyeanza safari akiwa amechelewa kwa kupwa moja tu, na zile saa zilimbadilisha kutoka mtu anayeongea kuwa mtu anayepigania pumzi. Ikiwa dalili hizi zimeanza na maji bado yamo, shuka gatini. Kama kuna kituo cha afya karibu, pitia hapo wampe dozi ya kwanza na wapige simu mbele, lakini safari isisimame.

Jinsi ya kukigusa

Kaa mbele ya kioo, mahali penye mwanga. Inamisha kichwa kidogo upande wa kivimbe, misuli ilegee. Tumia nyama za vidole, usitumie ncha wala kucha, na uzungushe polepole. Kisha gusa upande wa pili pahali pale pale. Watu wengi hugundua kwamba upande wa pili nako mna kijitezi, ila hakiumi, nao walikuwa hawajui wamekaa nacho maisha yao yote. Tezi laini isiyozidi punje ya kunde, inayoteleza chini ya kidole, ni ya kawaida, hasa kwa watoto na watu wembamba.

Jiulize kinateleza au kimegandamana, ni laini kama kidole gumba ulichokilegeza, au kigumu kama mfupa. Ngozi juu yake ni nyekundu na moto, au iko vile vile? Kinapanda ukimeza mate? Kilianza lini? Usikadirie tarehe hii. Ifungamanishe na jambo: kabla ya harusi ya fulani, baada ya Maulidi, siku uliyotoka Mokowe. Daktari atakuuliza, na jibu la "siku nyingi nyingi" halimsaidii.

Ukishakigusa mara moja, kiache. Kila siku nawaona watu wanaokibinya asubuhi na jioni kuona kama kimepungua, na tezi inayobinywa haipungui. Na ukihisi kivimbe kinadunda pamoja na mapigo ya moyo, usikikande kabisa, kiende kupigwa picha.

Chini ya pembe ya taya, na koo linauma

Hapa ndipo wengi mlipo. Tezi iliyo chini kidogo ya pembe ya taya ndiyo mlinzi wa koo, na mafua ya kawaida yanatosha kuivimbisha. Fungua mdomo, mwanga uingie, sema "aaa". Mafindofindo yakiwa mekundu tu, na una kikohozi na makamasi, yaelekea ni virusi, na antibayotiki haitakusaidia kitu. Maji mengi, chumvi kwenye maji ya vuguvugu ya kusukutua, paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, siku chache upate nafuu.

Mafindofindo yakiwa na madoa meupe ya usaha, homa imepanda, tezi zinauma na hakuna kikohozi, huenda ni bakteria wa streptokoka. Huyo anatibiwa, na sababu ya kumtibu si koo peke yake: akiachwa, hasa kwa watoto wa shule, anaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Penisilini ya kumeza hutolewa siku 10. Siku ya tatu koo huacha kuuma, na hapo ndipo vidonge huanza kusahaulika juu ya kabati. Akina mama, hesabuni mpaka kumi.

Maumivu yakihamia upande mmoja tu, mdomo ukaanza kukataa kufunguka, ni jipu nyuma ya findo. Rudi kwenye zile dalili za kwanza.

Na kimio kisikatwe. Najua bado kuna wanaoamini kwamba kimio kirefu ndicho kinacholeta kikohozi na uvimbe. Nimeona damu isiyokatika na nimeona shingo nzima imevimba kwa wembe mchafu. Sitalipunguza neno hili kwa heshima ya yeyote.

Chini ya taya, na jino liliwahi kuuma

Jino la chini la nyuma likioza hadi kwenye mzizi, usaha hutafuta njia. Njia iliyo karibu ni chini, kwenye nafasi iliyo kati ya ulimi na shingo. Mgonjwa huja ameshika shavu, chini ya taya pamejaa, ngozi imekaza inang'aa. Ukimuuliza jino, husema: "Jino liliniuma mwezi uliopita, likapoa lenyewe."

Halikupoa. Mshipa wa fahamu ndani yake ulikufa, na jino lililokufa huweza kunyamaza mpaka ligongwe. Usaha unaendelea kutengenezwa pale pale. Gonga meno moja moja taratibu kwa mgongo wa kijiko: lile litakalokurusha ndilo lenyewe. Tazama pia ufizi, kama kuna kipele kinachotoa maji yenye ladha mbaya. Aspirini uliyoibandika kwenye ufizi haiui jino, inachoma ufizi tu na kukuongezea kidonda.

Antibiotiki peke yake hutuliza kwa wiki mbili, kisha uvimbe hurudi ukiwa na hasira zaidi. Jino litibiwe mzizi au ling'olewe, na usaha upewe mlango wa kutokea. Watu husema jino haling'olewi likiwa limevimba. Uamuzi huo mwachie daktari wa meno. Uvimbe si sababu ya kukaa nyumbani, ndiyo sababu ya kwenda. Ikiwa uvimbe umevuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili chini ya kidevu, na ulimi umeanza kuinuka, huo ni ugonjwa unaoziba pumzi. Hapo pia hakuna kungoja.

Kinavimba wakati wa kula, kisha kinashuka

Hiki huwachanganya watu, kwa sababu asubuhi hakipo. Mama mmoja alikuja siku za Ramadhani, akaniambia mwanzo alidhani ni sumu. Kila magharibi, akianza tu tende ya kwanza na kunywa maji ya ukwaju, chini ya taya upande wa kushoto panajaa kama amefutika ndimu, panamvuta kwa maumivu, kisha baada ya saa moja panarudi kuwa sawa. Nilimwambia afungue mdomo ainue ulimi. Kando ya ule uzi unaoushikilia ulimi kuna vijitundu viwili vya mate. Upande wa kulia mate yalitoka nilipompa ndimu alambe. Kushoto palikuwa pakavu, na kwa kidole niliisikia punje ngumu kama mchanga wa pwani.

Ni kijiwe kwenye mfereji wa mate. Vingi hutokea kwenye tezi ya chini ya taya, kwa kuwa mate yake ni mazito na mfereji wake unapanda juu. Mate yanapoitwa na kitu kichachu, embe bichi la chumvi na pilipili, achari, ukwaju, hukuta njia imezibwa na tezi hujaa. Joto na kukaa bila maji huzidisha, ndiyo maana mfungo ulimfichua.

Mwenye dalili hii na hana homa anywe maji mengi kati ya futari na daku, aweke kitambaa cha moto, aikande tezi kutoka nyuma kuja mbele (hapa kukanda kunafaa), na alambe ndimu mate yasukume. Vijiwe vidogo hutoka vyenyewe. Ikiwa uvimbe haushuki tena, au usaha unatoka chini ya ulimi, au homa imeingia, hapo tezi imeoza ndani na anahitaji dawa, pengine na kutolewa kijiwe.

Chini ya sikio, shavu limejaa

Uvimbe unaoziba ile pembe kati ya sikio na taya, ukalisukuma ndewe la sikio juu, na mtoto analalamika akitafuna: hilo ni perema, wengine huita matubwitubwi. Mara nyingi huanza upande mmoja, siku mbili tatu unafuata wa pili. Ni virusi, kwa hiyo hutibiwa kwa kupumzika, vinywaji na paracetamol. Watoto wasipewe aspirini. Akae nyumbani siku 5 tangu uvimbe uanze asiwaambukize wenziwe chuoni. Chanjo ya surua na rubela anayopewa mtoto wa Kenya akiwa na miezi 9 na miezi 18 haina kinga ya perema, kwa hiyo usiseme haiwezekani kwa kuwa kadi imejaa. Kijana aliyebaleghe akipata perema kisha korodani ikavimba, apelekwe hospitali bila aibu.

Kijitezi kinachouma mbele au chini ya sikio, wakati wa likizo, huwa ni cha vijana wanaoruka gatini mchana kutwa. Livute sikio polepole: likiuma, maambukizi yako kwenye tundu la nje. Acha maji mpaka lipone, na pamba ya vijiti isiingie. Lakini pakivimba nyuma ya sikio, juu ya mfupa, sikio likasimama mbele kama limesukumwa, usaha umeingia kwenye mfupa. Siku hiyo hiyo hospitali.

Kisogoni

Yule mtoto wa mwanzo. Tezi za kisogo na za nyuma ya shingo hulinda ngozi ya kichwa, basi tafuta mapunye, chawa waliokunwa hadi kukawa na vidonda, chunusi za kinyozi. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupakwa tu, kwa sababu fangasi yumo ndani ya mzizi wa unywele. Yule mtoto alihitaji vidonge vya griseofulvin kwa majuma kadhaa, kwa kawaida 6 hadi 8. Tezi yake ilichukua muda kushuka, na mamake alirudi mara mbili kuniuliza. Ni kawaida. Tezi huvimba kwa siku na kushuka kwa wiki.

Kwa akina mama, jambo ambalo halisemwi: kanta, ile rangi nyeusi ya nywele inayofanyiwa pia piko, huweza kuichoma ngozi ya kichwa kwa mzio. Kichwa huwasha, masikio hujaa, na siku mbili baadaye tezi za kisogoni huuma. Kama uliitumia karibu na harusi na dalili hizi zikafuata, usirudie tena hata mara moja, maana mara inayofuata huwa kali zaidi.

Jipu la nyuma ya shingo ni kitu kingine, hilo liko kwenye ngozi yenyewe. Lina kichwa, ni jekundu, lina moto. Kitambaa cha maji moto mara nne kwa siku huliivisha. Lisikamuliwe. Likiwa na vichwa vingi pamoja, au likirudi kila baada ya mwezi, mwenye nalo apimwe sukari. Wazee kadhaa wa hapa walijua wana sukari kwa sababu ya jipu la shingo. Na kivimbe cha miaka, chenye kitundu cheusi katikati, ambacho ghafla kimeanza kuuma na kutoa uchafu mweupe wenye harufu, ni kifuko cha mafuta ya ngozi kilichoingia vijidudu. Hutolewa chote na mfuko wake kikishatulia, la sivyo hujaa tena.

Paka

Mji wetu ni wa paka, wamelala kila daka na kila ua, na watoto huwachezea. Sikusudii kuwagombanisha. Lakini mtoto wa paka mwenye viroboto anaweza kubeba bakteria aitwaye Bartonella, na mkwaruzo mdogo usoni au kichwani unatosha. Mkwaruzo hupona na kusahaulika, kisha wiki moja hadi tatu baadaye tezi ya upande ule huvimba na kuuma, pengine na homa kidogo. Mwambie daktari habari ya paka, kwa sababu asipoambiwa hataifikiria. Mara nyingi hupoa wenyewe, ingawa huweza kukaa miezi miwili hadi minne. Kila mkwaruzo au kuumwa na paka osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukaulize habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani paka naye hukipata.

Mwiba wa samaki

Ningependa kila nyumba ya pwani isome hapa. Mtu amekwamwa na mwiba wa tafi au changu. Anapewa tonge la ugali, ndizi, wali mkavu, ashushe. Wakati mwingine mwiba unashuka kweli. Wakati mwingine tonge linaupigilia kama nyundo na msumari, unatoboa ukuta wa koo. Mtu anahisi afadhali, analala. Siku ya tatu au ya nne shingo inaanza kuuma upande mmoja, kumeza kunakuwa kama kumeza kaa la moto, homa inapanda.

Mzee mmoja, mvuvi tangu utoto, alikaa na hali hiyo siku tano. Nilipomuuliza alikula nini alicheka kwa taabu, akasema, "Mwanangu, mimi nikwamwe na mwiba?" Nikamwambia, "Ami, mwiba bado umo." Alikuwa na usaha nyuma ya koo.

Ukikwamwa, acha kula. Kohoa, sukutua. Ndimu na siki haziyeyushi mwiba. Mtu akumulike kwa tochi. Ukionekana wazi kwenye findo unaweza kutolewa, usipoonekana usitiwe vidole. Hisia ya mchomo ikibaki, nenda hospitali siku hiyo, hata kama picha ya eksirei haionyeshi kitu, kwa sababu miba mingi haionekani kwenye picha. Na ukibonyeza shingo ukasikia inapasuka-pasuka chini ya ngozi kama povu la bahari likikauka, hewa imeingia mahali pasipo pake. Hapo ni kukimbia.

Mbele, katikati

Kunywa funda la maji mbele ya kioo. Kivimbe kikipanda na kushuka na koo, kinahusiana na tezi ya thairoidi. Ikiuma yote, maumivu yakapanda hadi taya na sikio, wiki kadhaa baada ya mafua, na moyo unaenda mbio na jasho linatoka, huo ni uvimbe wa thairoidi unaofuata virusi. Huwapata zaidi wanawake wa makamo. Antibiotiki haiutibu, dawa za kutuliza uvimbe ndizo zinazoutuliza, na damu ipimwe. Rovu la siku nyingi lililouma ghafla na kukua siku moja, damu imevujia ndani yake. Na kwa mtoto, kivimbe cha katikati kinachopanda akitoa ulimi nje ni kifuko alichozaliwa nacho.

Kuhusu misuli sina mengi: umebeba mawe au mzigo kichwani, au umelala vibaya, umeamka shingo imepinda, kuna fundo linalouma ukigeuka na si ukigusa peke yake, huna homa. Joto, panadoli, siku tatu nne.

Maumivu yameondoka, kivimbe kimebaki

Hapa ndipo ninapohofia zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu hushukuru na kuacha kuja. Kivimbe kinachouma huwa kinaeleza vita. Kisichouma, kigumu, kisichosogea, kinachozidi urefu wa kokwa ya tende, au kilichopita wiki tatu bila kupungua, kinahitaji kutazamwa hata kama unajihisi mzima. Kilicho juu ya mtulinga hakingoji hata hizo wiki tatu, maana tezi hizo hupokea kutoka kifuani na tumboni.

Kifua kikuu cha tezi ni cha kwanza kufikiriwa kwetu. Jina linapotosha, mgonjwa anaweza asikohoe kabisa. Tezi mbili tatu hushikamana kama kishada, haziumi sana, hazina moto, kisha moja inalainika na kupasuka na kutoa uchafu usiokoma. Tafadhali isichanjwe wembe. Kidonda chake hukaa miezi. Jasho la usiku, kukonda, homa ya jioni vinaongeza shaka. Dawa zake ni za miezi 6 na hutolewa bure katika hospitali za serikali. Katikati ya matibabu tezi inaweza kuvimba tena, na wengi huacha dawa hapo wakidhani hazifanyi kazi. Rudi uonyeshe, lakini dawa usiache. Na kikiwa kwenye tezi tu, bila mapafu, hakiambukizi nyumba. Hakuna haja ya kumtengea mtu kikombe.

Tezi zikiwa shingoni, kwapani na kinenani kwa pamoja, kwa miezi, pima virusi vya Ukimwi. Kujua ni bora.

Na saratani. Anayetafuna tambuu na popoo, mwenye tumbaku ya kuvuta au ya mdomoni, akiwa na kidonda cha ulimi au shavu kisichopona, sauti iliyokwaruza kwa wiki, pua iliyoziba upande mmoja inayotoa damu: huyo kivimbe chake cha shingo kisiitwe mafua. Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inaleta saratani ya mdomo. Kwa mtoto, uvimbe wa taya unaokua ndani ya siku chache na meno yanalegea, fikiria uvimbe wa Burkitt, ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda. Hutokea zaidi penye malaria. Huonekana wa kutisha kuliko yote, nao ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri zaidi kwa dawa, mtoto akifikishwa mapema.

Hospitalini, iwe King Fahd hapa mjini au Malindi ukipewa barua ya kwenda mbele, wataanza kwa kukutazama mdomo, masikio na kichwa, kisha damu, pengine ultrasaundi. Kipimo kinachoogopwa ni cha sindano. Sindano yenyewe ni nyembamba, kama ya kutolea damu au chini yake. Ngozi inafutwa kwa spiriti, kivimbe kinashikwa kwa vidole viwili, sindano inaingia, inasogezwa mara chache, inatoka. Ni chini ya dakika moja. Majimaji kidogo hupakwa kwenye kioo, mengine hupelekwa kwenye mashine ya kutafuta kifua kikuu. Watu wameniambia saratani ikiguswa na sindano inatawanyika mwilini, na kwa hofu hiyo wamekaa nyumbani hadi kivimbe kimekuwa ngumi. Kinachotawanya ni muda. Kabla hujatoka mlangoni uliza kipimo kinaitwaje na majibu yanachukuliwa lini, andika yote nyuma ya kadi, na kama unakaa ng'ambo ya Mkanda, waambie, wakupangie siku ambayo maji yatakuruhusu kurudi.